Kinyozi Hajinyoi: Kunoa Ufundi wa Ketelibeli Ukiwa na Makocha Wenzako

Kwa miaka miwili niliwaambia wateja wangu, "Kisigino kisitoke chini, kisigino kisitoke chini." Jumamosi moja asubuhi, kwenye uwanja wa mtaa huku Umoja, kocha mwenzangu anayefundisha Rongai alinirekodi kwa simu nikipiga swingi, yaani kuirusha ketelibeli (tufe la chuma lenye mshikio) kwa nguvu za nyonga kutoka kati ya mapaja hadi kifuani, akanipa simu nitazame. Hakusema kitu. Kisigino changu cha kushoto kilikuwa kikipanda kila chuma kilipofika kifuani. Si mara moja wala mbili, kila mara. Nilikuwa nahubiri nisichokitenda, na sikuwa najua, kwa sababu hakuna kioo cha jimu kinachoonyesha kisigino chako ukiwa umetazama mbele.

Mwongozo huu nimeuandika kwa anayefundisha ketelibeli au anayeipiga peke yake hapa Nairobi, na ameshaona kwamba uzito unaongezeka lakini ufundi umekwama. Anayeanza pia anaweza kuufuata, mradi asiruke hatua. Kama una jeraha la mgongo, bega au nyonga, au shinikizo la damu, muone daktari kwanza.

Hatua ya 1: Kagua chuma chenyewe

Ketelibeli ni chuma cha Warusi. Wao hukiita girya, na asili yake ni jiwe la mizani: wafanyabiashara walikitumia sokoni kupimia nafaka, kisha vijana wakaanza kushindana nani atakiinua mara nyingi zaidi. Ndiyo maana uzito wake wa kale unapanda kwa 16, 24 na 32. Kipimo chao cha zamani, pudi, kilikuwa kilo 16 na ushei, kwa hiyo hizo ni pudi moja, moja na nusu, na mbili.

Mtu mzima wa kiume asiye na mazoea aanze na kilo 12 au 16; wa kike, kilo 8 au 12. Kwa dedilifti, yaani kukiinua chuma kutoka chini mpaka usimame wima, wote wawili wanaweza kubeba zaidi ya hapo, na wengi hushangaa wakijaribu.

Sasa tuzungumzie mshikio, maana hapo ndipo wengi huumizwa. Mshikio mzuri una unene wa milimita 33 hadi 35, na kati yake na tufe vidole vitatu vilivyolazwa vinapita bila kubana. Ukienda kwa mafundi wa jua kali pale Kamukunji kutengenezewa, mpelekee fundi vipimo hivyo kwenye karatasi, usimwambie tu "nitengenezee kama ile ya kwenye picha." Chunguza mahali chuma kilipochomelewa: uchomeleaji uzunguke mshikio wote, usiwe nukta nne tu. Pitisha kiganja polepole. Kikikwaruza, sugua kwa tupa kisha msasa kabla hakijakuchana. Rangi nene inayong'aa huteleza mkono ukitoka jasho, hivyo ni afadhali uikwangue kwenye mshikio.

Kile cha zege kilichomiminwa kwenye mkebe, ambacho wengi wetu tulianzia, kitumie kwa dedilifti na kubeba ukitembea. Usikirushe. Zege huachia chuma bila kutoa taarifa.

Vyuma vya mashindano vyote vina ukubwa mmoja hata uzito ukitofautiana, na hutambulika kwa rangi: 8 ni waridi, 12 bluu, 16 njano, 20 zambarau, 24 kijani, 28 machungwa, 32 nyekundu. Faida yake ni kwamba mkao wa chuma mkononi haubadiliki unapopanda uzito. Ukiwa kocha, kuna faida nyingine: unaona kutoka ng'ambo ya uwanja nani amejitwika asichokiweza.

Hatua ya 2: Tafuta bawaba

Ketelibeli yote imesimama juu ya kitendo kimoja: kukunja nyonga bila kukunja mgongo. Nyonga iwe bawaba, mgongo uwe mlango. Mlango haujikunji.

Simama umeipa ukuta mgongo, hatua moja ndogo mbele yake. Rudisha makalio nyuma mpaka yaguse ukuta, magoti yakilegea kidogo tu, miundi ikibaki karibu wima. Ukigusa, songa mbele sentimita chache, rudia. Kisha chukua mti wa ufagio, ulaze mgongoni: uguse kisogo, uguse kati ya mabega, uguse mfupa wa chini wa mgongo. Inama. Mti ukiachana na sehemu mojawapo, mgongo umejikunja. Anza upya.

Kwa muda mrefu nilifundisha hivyo tu, na baadhi ya wateja, hasa akina mama, wakawa wananitazama kama ninayewapa hesabu ngumu. Halafu dada mmoja anayefundisha Kayole akanicheka. "Kocha, mbona unamfundisha mama kuinama? Mwambie ainame kama anafua." Nilijaribu wiki hiyo hiyo. Mteja wangu, mama wa miaka hamsini na kitu, aliinama juu ya beseni la kufikirika, mgongo umenyooka kama meza, nyonga zimerudi nyuma, misuli ya nyuma ya mapaja imevutika. Bawaba kamili! Alikuwa nayo tangu utotoni, mimi ndiye nilikuwa nikimfunika kwa maneno.

Andika maneno ya namna hiyo. Tutayarudia.

Hatua ya 3: Dedilifti

Chuma kiwe katikati ya miguu, mstari mmoja na vifundo vya miguu. Kunja nyonga, shika, banisha makwapa kana kwamba umeficha noti ya elfu humo na uko kwenye matatu iliyojaa. Sukuma ardhi chini, simama wima, kaza makalio. Seti tano za mara tano. Ukizifanya bila mgongo kulalamika kesho yake, endelea.

Hatua ya 4: Swingi, na hapa usikimbie

Weka chuma mbele yako umbali wa futi moja hivi, si chini ya miguu. Miguu ipanuke kupita mabega kidogo. Kunja nyonga, shika mshikio kwa mikono miwili, kiinamishe chuma kikuelekee. Kivute nyuma kwa nguvu kati ya mapaja, kipite juu ya magoti, karibu kabisa na kinena, vigasha vikigusa mapaja kwa ndani. Hapo, na si kabla, simama ghafla. Nyonga ndizo zinazokirusha. Mikono ni kamba tu. Chuma kitapanda mpaka kiwango cha kifua, kitaelea nusu sekunde, kisha kitarudi chenyewe.

Makosa ninayoyaona kila wiki ni haya, nami nimeyafanya yote.

La kwanza ni kuchuchumaa. Magoti yanakwenda mbele na chuma kinapita chini ya magoti. Dawa: weka chupa ya maji iliyolala nyuma kidogo ya visigino. Chuma kikiipiga au kupita karibu nayo, kiko chini mno.

La pili ni kuinua kwa mabega. Pitisha taulo kwenye mshikio, ushike ncha zake mbili, piga swingi nyepesi. Nyonga zikifanya kazi, taulo na chuma vitakuwa mstari mmoja na mikono. Ukivuta kwa mabega, taulo litalegea na chuma kitaning'inia kama ndoo kisimani. Taulo halidanganyi, ingawa baada ya mwezi litakuwa limeraruka, kwa hiyo nunua la mtumba.

La tatu ndilo baya zaidi na ndilo gumu kuliona: kuinama mapema. Chuma bado kiko juu, mtu ameshaanza kuinama, basi kikishuka kinamkuta mbali na mwili na mzigo wote unaangukia kiuno. Mteja anakwambia "mgongo unauma" na wewe unampunguzia uzito, kumbe tatizo ni haraka. Mwambie asubiri. Abaki wima, chuma kishuke, mikono iguse mbavu, vigasha vikaribie tumbo, ndipo nyonga zifunguke nyuma. Mimi humwambia: "Usimfungulie mgeni mlango kabla hajabisha."

La nne ni kujipinda kwa nyuma chuma kikiwa juu, ili uonekane umemaliza vizuri. Simama tu kama mlingoti.

Pumzi: vuta kwa pua chuma kikishuka, toa kwa mkato kikipanda, tumbo likiwa gumu. Nairobi iko juu ya mita 1,600 kutoka usawa wa bahari. Mgeni wa kutoka Mombasa atahema seti ya pili, usidhani ni mvivu. Mpe mapumziko marefu zaidi siku za mwanzo.

Kipimo changu: mara 10 kila dakika inapoanza, kwa dakika 10. Swingi 10 huchukua kama sekunde 15 hadi 20, dakika iliyobaki ni ya kupumzika. Rudia hii siku tatu kwa wiki. Ya 8, 9 na 10 zikianza kuharibika, punguza ziwe 7. Kuongeza idadi juu ya ufundi mbovu ni kuukomaza ubovu.

Hatua ya 5: Klini, bila alama kwenye kigasha

Klini ni kukileta chuma kutoka chini hadi kwenye raki, yaani kikae kati ya kigasha, bega na mbavu. Ukiona mtu ana madoa ya bluu kwenye kigasha, jua chuma chake kinazunguka hewani na kumwangukia. Sababu ni mbili tu. Ama anashika kwa nguvu muda wote, ama anakiacha kiende mbali na mwili.

Jifunze kutoka juu kuja chini. Kiinue chuma kwa mikono miwili mpaka raki, kiweke sawa: mshikio ukate kiganja mshazari, kuanzia kati ya kidole gumba na cha shahada hadi chini ya kidole cha mwisho, kifundo cha mkono kinyooke, kiwiko kilale kwenye mbavu. Kaa hapo sekunde 20. Mwili ujue nyumbani ni wapi. Kisha kiache kidondoke kati ya miguu, ukirudishe kwa njia ile ile. Kikipanda, kiwiko kisiachane na mbavu. Kikifika kwenye kitovu, legeza vidole, chomeka kiganja ndani ya mshikio kama unayevaa glavu. Chuma kitatua, hakitagonga.

Wengine humwambia mteja afunge zipu ya koti kuanzia chini. Ni neno zuri, ingawa Julai hapa kwetu wateja huwa wameshaifunga kwa baridi.

Hatua ya 6: Juu ya kichwa

Presi: kutoka raki, kaza makalio, kigasha kibaki wima, sukuma mpaka kiwiko kinyooke na mkono uwe kando ya sikio. Usipoweza kunyoosha mkono mtupu hapo bila kukunja kiuno, kilo yoyote ni nyingi. Fanyia bega kazi kwanza.

Kuinuka kwa Kituruki, kutoka kulala chali hadi kusimama huku chuma kikiwa juu, kufanye wiki mbili nzima ukiwa umeweka kiatu juu ya ngumi badala ya chuma. Kiatu kikianguka, umekosea. Hakuna kocha mkali kuliko kiatu.

Snachi ije mwisho. Ni swingi ya mkono mmoja inayoishia juu ya kichwa, na kinachoiharibu ni kushuka, si kupanda. Kikishuka, kigeuze kiganja, kilete karibu na mwili, kisha mshikio uhame kutoka kiganjani kwenda kwenye vidole kabla chuma hakijafika chini. Ukikibana kiganjani, ngozi itachunika. Malengelenge si medali. Sugua sugu kwa jiwe la kusugulia miguu, na tumia chaki ya magnisiamu kidogo. Ya ubaoni haifai.

Hatua ya 7: Jua mwenzako ametoka shule gani

Kabla hujabishana na kocha mwingine, muulize alifunzwa mtindo upi. Upo mtindo wa mashindano wa Warusi, ambapo mtu hupiga dakika 10 bila kukiweka chuma chini, na anayefikisha mara nyingi ndiye mshindi. Huyo atakufundisha kulegea, kupumua mara kadhaa katika kila rudio, kuegemeza kiwiko juu ya mfupa wa nyonga akiwa rakini. Na upo mtindo mkavu, uliosambaa Marekani kupitia kocha Pavel Tsatsouline kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1990, unaotaka mwili mzima ukakamae na kila rudio liwe na nguvu zote.

Nimeshuhudia makocha wawili wakikosana kabisa kuhusu kiwiko kikae wapi, na wote wawili walikuwa sahihi, kila mmoja kwa kazi yake. Anayetaka kudumu dakika 10 lazima aibe mapumziko mahali. Anayetaka nguvu za mara 5 hana haja nayo. Mimi huwaanzisha wateja kwa mtindo mkavu kwa sababu makosa yake yanaonekana haraka, na nimejifunza pumzi kutoka kwa wa mashindano.

Hatua ya 8: Kikao cha makocha

Hapa ndipo faida yote ilipo. Tafuta makocha watatu, mkiwa wanne inatosha; mkizidi sita inageuka baraza. Kutaneni mara moja kila wiki mbili, dakika 90, mahali wazi palipo sawasawa: uwanja wa mtaa, au bustani mnayoruhusiwa kufanyia mazoezi. Msimu wa mvua, kuanzia Machi hadi Mei na tena Oktoba hadi Desemba, pangeni mahali penye paa. Nyasi zenye maji na chuma cha kilo 24 havipatani.

Simu iwekwe kwa ubavu, mita nne au tano, kimo cha nyonga. Si kimo cha macho. Ukirekodi kutoka juu, mgongo uliopinda utaonekana umenyooka. Piga tena kutoka mbele kwa mshazari. Uzito uwe wa wastani, mara 10, kisha mara 10 nyingine ukiwa umechoka. Hizo za pili ndizo zenye habari.

Gaweni macho. Mmoja atazame miguu tu, wa pili nyonga na kiuno, wa tatu mabega, shingo na pumzi. Mtu anayetazama kila kitu huishia kuona uso. Kisha, kabla yeyote hajasema, aliyepiga aulizwe: "Wewe umehisi nini?" Mara nyingi atataja kosa mwenyewe, na lisilotajwa ndilo la kushughulikia.

Marekebisho yawe moja tu. Nasema moja. Ukimpa mwenzako matano atakwenda nyumbani na sifuri. Tena lisemwe kama jambo la kufanya. "Usiinue kisigino" halikunisaidia hata kidogo, kilichonisaidia ni "shika udongo kwa vidole vya miguu." Apige tena papo hapo, mlinganishe video mbili. Pasipokuwa na tofauti, neno halikufaa, tafuteni lingine.

Dakika 20 za mwisho zitumieni kubadilishana maneno. Kila mmoja alete sentensi moja iliyomwelewesha mteja wiki hiyo. Daftari langu lina ya mama anayefua, ya mgeni anayebisha mlango, na ya kijana wa bodaboda aliyeelewa kukaza tumbo alipoambiwa, "Kama abiria wako amekushika kiunoni ghafla kwenye tuta." Maneno haya huwezi kuyapata kwenye kozi ya kigeni, na kozi hizo ni ghali.

Kuna adabu zake. Usimrekebishe kocha mbele ya wateja wake. Mngoje pembeni, mwite "kocha", muulize kama anataka kusikia. Usimchukulie mteja. Mteja wake akikufuata mwenyewe, mpigie simu mwenzako kwanza. Ukitumia neno lake darasani, sema umelitoa kwake. Na ukimwalika kocha kufundisha darasa lako, mlipe, hata kama ni rafiki. Urafiki haulipi nauli ya kutoka Rongai.

Msiishie kwa wa ketelibeli. Mfiziotherapia atawaonyesha bega lisilofika juu na kwa nini. Kocha wa riadha, na nchi hii haina uhaba wao, ana jicho la kuona mtu akianza kuchoka kabla mwenyewe hajajua. Kocha wa kunyanyua uzito anajua kukisubiri chuma kuliko sisi sote.

Video za kikao cha kwanza msizifute. Wekeni tarehe, uzito na kosa moja lililochaguliwa, kisha baada ya vikao vitatu rudieni uzito ule ule na kamera pale pale.

Kisigino changu cha kushoto kilichukua wiki sita kutulia. Kikao kilichopita yule wa Rongai alinirekodi tena, akatazama, akanirudishia simu bila neno, kama kawaida yake. Sasa tunashughulikia goti la kulia.